Marobota 40 ya McDuffie: ushuru wa Marekani humtoza nani?

Tangu Rais Donald Trump asimame bustanini Ikulu ya Marekani tarehe 2 Aprili 2025 akiwa na ubao wa viwango vya ushuru, historia ya karne ya 19 imegeuka karata za mtaani. Siku ile Kenya, Tanzania na Uganda ziliangukia kundi la asilimia 10, Lesotho ikapigwa asilimia 50, na usiku wake kila mwenye simu alikuwa mtaalamu wa forodha. Katika makelele hayo madai mawili yameota mizizi. La kwanza linasema Marekani ilijengwa kwa ushuru wa kulinda viwanda, kwa hiyo Trump anarudi kwenye asili, na sisi tunaoshauriwa tufungue masoko tumepigwa changa la macho. La pili, linalopendwa na wale wanaojiona wamechimba zaidi, linasema ushuru huohuo ndio ulioleta Vita vya Wenyewe kwa Wenyewe mwaka 1861, kati ya Kaskazini ya viwanda na Kusini ya watumwa, na habari ya utumwa ilipachikwa baadaye na washindi.

Madai yote mawili yanakosea mahali pamoja. Yanaichukulia Marekani kama mtu mmoja mwenye mfuko mmoja. Ushuru wa kulinda viwanda, kabla haujamgusa mgeni, huchota fedha kwa raia wa upande mmoja wa nchi na kuzimimina kwa raia wa upande mwingine. South Carolina, jimbo la pamba la Kusini, liliona jambo hilo mapema, na hesabu yake ya marobota 40, aliyoileta msemaji wake George McDuffie, ingawa ilitiwa chumvi, ilielekea kwenye ukweli. Ila hasira ya jimbo hilo haikutoka kwenye hesabu peke yake, na vita ilipokuja ilikuwa na sababu ambayo wenyewe waliiandika kwa mkono wao. Anayetaka kuutumia mfano huu leo hana budi kuyashika yote mawili.

Mwanzoni ushuru haukuwa na ubishi mkubwa. Sheria ya kwanza ya forodha ilitiwa saini na George Washington tarehe 4 Julai 1789, na lengo lake kuu lilikuwa kuipatia serikali changa fedha. Hakukuwa na kodi ya mapato, na Katiba inakataza kutoza bidhaa zinazouzwa nchi za nje, kwa hiyo forodha za bandarini ndizo zilizoilisha serikali kuu kwa sehemu kubwa ya miaka yote hadi 1861. Alexander Hamilton, waziri wa kwanza wa fedha, alikuwa amekwisha kuandika mwaka 1791 kwamba viwanda vichanga vinahitaji kushikwa mkono, lakini aliyevishika mkono kwa kweli hakuwa yeye. Ilikuwa marufuku ya biashara ya nje ya mwaka 1807, kisha vita na Uingereza kuanzia 1812. Meli za Uingereza zilipokosekana, watu wa Massachusetts na Rhode Island wakaanza kusokota na kufuma wenyewe. Amani ikarudi, na pamoja nayo zikarudi shehena za vitambaa vya Manchester vilivyouzwa kwa bei ya kutupa. Wenye viwanda wakakimbilia Washington.

Hapa inafaa kusimama kidogo, kwa sababu ushuru wa mwaka 1816 una ujanja mmoja unaoeleza mengi. Kwa maandishi, kitambaa cha pamba kilitozwa asilimia 25. Lakini sheria ikaongeza kipengele kidogo: kitambaa chochote chenye bei ya chini ya senti 25 kwa yadi kitahesabiwa kana kwamba kimegharimu senti 25. Maana yake, hata kitambaa duni kabisa kililipiwa senti sita na robo kwa yadi. Chukua kitambaa kizito cha India kilichonunuliwa kwa senti sita: ushuru wake ulizidi bei yake. Na kadiri mashine zilivyoishusha bei ya kitambaa duniani, ndivyo kiwango halisi cha ushuru kilivyopanda bila Bunge kugusa hata herufi. Nyuma ya kipengele hicho alikuwapo Francis Cabot Lowell wa Boston, mwenye kiwanda cha Waltham, ambaye alikwenda mwenyewe kuwashawishi wabunge. Aliyewaona huko, wakamkubalia, ni William Lowndes na John C. Calhoun, wote wa South Carolina. Mpinzani mmojawapo wa ushuru huo alikuwa Daniel Webster wa New England, kwa sababu wapiga kura wake wakati ule walikuwa watu wa meli na biashara, na mtu wa meli hapendi forodha nzito. Miaka 12 baadaye Calhoun na Webster walikuwa wamebadilishana viti. Atakayekwambia kwamba ugomvi huu ulikuwa wa falsafa mbili zilizosimama imara tangu mwanzo, mwonyeshe mwaka 1816.

Kilichobadilika ni mahali fedha zilipokuwa zimewekwa. Baada ya mdororo wa 1819 mitaji ya New England ilihama taratibu kutoka melini kwenda viwandani. Pennsylvania ilitaka ulinzi wa chuma chake, Ohio wa sufu yake, Kentucky wa katani ya kusokotea kamba za meli. Henry Clay wa Kentucky akavifunga vyote hivyo katika mzigo mmoja alioupa jina la Mfumo wa Kimarekani: ushuru uwalinde wenye viwanda, mapato yajenge barabara na mifereji, miji ya Mashariki inunue nafaka ya Magharibi, na nchi ijitegemee. Mwaka 1824 muswada wake ulipita katika Bunge la Wawakilishi kwa kura 107 dhidi ya 102. Kura tano tu, katika jambo lililogusa kila shati na kila jembe.

Kisha ukaja mwaka 1828, na hapa siasa ilifanya kituko. Uchaguzi wa rais ulikuwa mlangoni, John Quincy Adams, aliyekuwa rais, dhidi ya Andrew Jackson. Watu wa Jackson katika kamati walitunga muswada wenye ushuru mkubwa kwa malighafi: sufu, chuma, katani, na molasi iliyotumiwa na New England kutengenezea ramu. Ushuru wa malighafi uliwafurahisha wakulima wa Pennsylvania, Ohio na Kentucky, ambao kura zao Jackson alizihitaji, na uliwaudhi wenye viwanda na waunda meli wa New England, ambao walikuwa wa Adams kwa vyovyote vile. Wabunge wa Kusini wakaona mwanya. Walikataa kila marekebisho ya kuupunguza makali, wakitumaini kwamba utakuwa mchungu kiasi cha wabunge wa New England wenyewe kuutema. Wengi wa hao kweli waliukataa. Ila hawakutosha, na Webster akageuka akauunga mkono katika Seneti. Muswada ukapita kwa kura 105 dhidi ya 94 katika Bunge la Wawakilishi na 26 dhidi ya 21 katika Seneti, Adams akautia saini Mei, na ushuru ukapanda hadi kufikia wastani wa karibu asilimia 60 ya thamani ya bidhaa zilizotozwa. Mchimba kisima aliingia mwenyewe. John Randolph wa Virginia alisema muswada ule ulihusu viwanda vya aina moja tu, kiwanda cha kutengenezea rais. Kusini wakaubatiza Ushuru wa Machukizo.

Basi tuyapime malalamiko ya Kusini kwa haki. Msemaji wao mkali, George McDuffie wa South Carolina, alikuja na kile kilichoitwa hesabu ya marobota 40: katika kila marobota 100 ya pamba ambayo mwenye shamba anayapeleka sokoni, alisema, 40 huchukuliwa na ushuru. Wenzake wa Kaskazini walicheka. Pamba haikutozwa hata senti ilipotoka Charleston, sasa marobota 40 yanakwenda wapi? Kicheko hicho kilikuwa cha haraka mno. Anayeuza pamba Liverpool halipwi pamba. Analipwa uwezo wa kununua vitu vya Uingereza, na vitu hivyo vikifika New York au Charleston vinapita mikononi mwa mtoza ushuru. Vikipungua kuingia, Mwingereza naye hapati fedha za kulipia pamba. Wachumi wa karne ya 20 waliithibitisha kanuni hiyo kwa hesabu: ushuru juu ya bidhaa zinazoingia ni ushuru juu ya bidhaa zinazotoka, umevaa kanzu nyingine tu. Pamba ilikuwa sehemu kubwa mno ya mauzo ya nje ya Marekani, kwa hiyo mkulima wa pamba alikuwa amekaa pale hasa mzigo ulipodondokea.

Ila mwelekeo sahihi hauifanyi tarakimu kuwa sahihi. McDuffie alichukulia kwamba mzigo wote ulimwangukia mwenye pamba, kana kwamba fundi wa Philadelphia na mkulima wa Indiana hawakununua sukari, shoka wala blanketi. Tena Marekani ilikuwa muuzaji mkuu wa pamba duniani, hivyo sehemu ya gharama ilisogezwa kwa mfumaji wa Lancashire. Asilimia 40 haikuwa hesabu, ilikuwa kilio chenye namba.

Dhaifu zaidi ni dai kwamba ushuru ndio ulioifukarisha South Carolina. Ni kweli jimbo lile lilikuwa linachechemea. Mwaka 1818 ratili moja ya pamba iliuzwa kwa zaidi ya senti 30. Kufikia 1831 ilikuwa chini ya senti 10. Lakini katika kipindi hicho mavuno ya nchi nzima yalizidi maradufu, kwa sababu Alabama na Mississippi zilikuwa zimefunguliwa, udongo mweusi usiochoka, na watu wa South Carolina wenyewe walikuwa wakihama na watumwa wao kwenda kuulima. Mwenye shamba aliyebaki kwenye ardhi iliyochoka karibu na Columbia alishindwa na binamu yake wa Alabama kabla hajashindwa na mtoza ushuru wa Washington. Angalia pia nani hakulia. Wakulima wa miwa wa Louisiana, wenye watumwa kama wengine, walipenda ushuru kwa sababu sukari yao ililindwa. Clay mwenyewe alikuwa na watumwa kwenye shamba lake la Kentucky. Georgia, Alabama na Mississippi ziliuchukia ushuru, lakini South Carolina ilipotangaza kuubatilisha hazikuifuata. Kama ushuru ungekuwa ndio chanzo cha yote, majimbo ya pamba yote yangesimama pamoja.

Na upande wa Clay je? Dai kwamba ushuru ulivilea viwanda lina nguvu kwa miaka ya kwanza. Bila ule ujanja wa senti 25 viwanda vingi vya kitambaa kizito vingekufa baada ya amani ya 1815. Kama ulinzi ule ulihitajika bado baada ya 1828, shahidi wangu anatoka Unguja, wala si Boston. Bibi yangu kila kitambaa kinene cha pamba kisichopaushwa alikiita merikani, na nilipokuwa mdogo sikujiuliza kwa nini. Neno hilo lilikuja na meli za Salem, Massachusetts. Tarehe 21 Septemba 1833 mjumbe wa Marekani, Edmund Roberts, alitia saini mkataba na Seyyid Said kule Muscat, ushuru usizidi asilimia 5 kwa shehena itakayoshushwa, na mwaka 1837 konsuli wa kwanza wa Marekani, Richard Waters, akafika Unguja. Waingereza walipata mkataba wao mwaka 1839 kwa asilimia 5 ileile. Kwa hiyo katika forodha ya Unguja kitambaa cha Massachusetts na cha Manchester vilisimama sawa, bila baba wala mama. Merikani ikashinda. Ilipendwa kwa uzito wake, ikawa fedha ya misafara hadi Tabora na Ujiji, ikalipia wapagazi, hongo na pembe za ndovu, hata Waingereza wakajaribu kuiga. Kiwanda kinachoweza kumshinda Mwingereza baada ya kuvuka bahari mbili hakihitaji kulindwa dhidi yake mlangoni mwake. Vitambaa laini, sufu na chuma ni habari nyingine, sikatai. Lakini kwa kitambaa kizito, mtoto alikuwa ameota ndevu na bado ananyonya. (Na pamba ile ilichumwa na mtumwa kule Kusini, ikafumwa Kaskazini, ikashushwa katika mji ambao nao ulikuwa unachumisha karafuu kwa watumwa. Mlolongo huo haukuwa na upande msafi.)

Turudi Charleston, kwa sababu bado hatujaeleza kwa nini South Carolina peke yake ndiyo iliyofika ukingoni. Sensa ya 1830 ilihesabu watu kama 581,000 katika jimbo hilo, na kati yao kama 315,000 walikuwa watumwa. Wazungu walikuwa wachache katika nchi waliyojiita wenyewe. Mwaka 1822 mji huo uliwanyonga watu 35 baada ya kugundulika kile kilichosemwa kuwa njama ya uasi ya Denmark Vesey, seremala mweusi aliyejinunulia uhuru. Mwaka huohuo jimbo likatunga sheria ya kuwafunga gerezani mabaharia weusi huru kila meli yao inapotia nanga, na serikali kuu ilipolalamika kwamba sheria hiyo inavunja mkataba na Uingereza, jimbo likapuuza. Huo ulikuwa ubatilishaji, yaani jimbo kuikataa sheria ya nchi ndani ya mipaka yake, kabla ya neno lenyewe kuwa maarufu, na haukuhusu ushuru. Januari 1831 William Lloyd Garrison akaanzisha gazeti la kupinga utumwa kule Boston. Agosti mwaka huohuo Nat Turner akaongoza uasi Virginia. Kwa mwenye shamba wa South Carolina swali halikuwa ushuru wa blanketi ni senti ngapi. Swali lilikuwa: ikiwa wengi walioko Washington wanaweza kunitoza kwa faida ya wengine huku nikipinga, kesho nini kitawazuia wasiniguse watumwa?

Hili si fumbo tunalolifumbua sisi baada ya karne mbili. Calhoun, akiwa bado Makamu wa Rais, alimwandikia rafiki yake Virgil Maxcy mnamo Septemba 1830 kwamba anauona ushuru kuwa kichocheo tu cha hali ile, wala si chanzo chenyewe. Chanzo, aliandika, ni utaratibu wa pekee wa nyumbani wa majimbo ya Kusini, yaani utumwa, ambao pamoja na hali ya hewa na udongo umeyaweka majimbo hayo upande tofauti na wengi katika mambo ya kodi na matumizi. Ndiyo maana siwaungi mkono wanaosema ushuru ulikuwa kisingizio kitupu. Kwa Calhoun vitu hivyo viwili vilikuwa uzi mmoja: utumwa ulizaa pamba, pamba ilizaa upinzani wa ushuru, na upinzani wa ushuru ulikuwa uwanja wa kufanyia mazoezi ya kulinda utumwa bila kuutaja. Mwaka 1828 alikuwa ameandika, bila kuweka jina lake, hoja ndefu ya South Carolina kwamba Katiba inaruhusu ushuru wa mapato tu, na kwamba jimbo lina haki ya kuibatilisha ndani ya mipaka yake sheria ya nchi inayokiuka Katiba. James Madison, aliyeshiriki kuiandika hiyo Katiba na aliyekuwa hai bado, alisema ushuru ni halali na ubatilishaji si halali. Hawakumsikiliza.

Tarehe 13 Aprili 1830 wakubwa wa chama cha Jackson walikutana kwa chakula cha jioni mjini Washington kuadhimisha kuzaliwa kwa Thomas Jefferson, rais wa zamani. Jackson, sasa rais, akainuka na bilauri yake. Alikuwa mwenye watumwa, mzaliwa wa Kusini, na wengi walidhani moyoni yuko nao. Martin Van Buren, waziri wake wa mambo ya nje, kwa ufupi wake, alipanda juu ya kiti ili aone. Jackson akamtazama Calhoun na kusema maneno machache: Muungano wetu, lazima udumishwe. Calhoun akajibu kwamba Muungano ni kipenzi chao kikubwa, baada ya uhuru wao. Ugomvi wa viwango vya forodha ulikuwa umekwisha kuwa ugomvi wa nani ana neno la mwisho.

Bunge lilipunguza ushuru Julai 1832, ila si kwa kiasi cha kuwaridhisha. Tarehe 24 Novemba mkutano maalumu wa South Carolina ukatangaza kwamba sheria za ushuru za 1828 na 1832 ni batili na hazitatozwa ndani ya jimbo kuanzia 1 Februari 1833, na serikali kuu ikitumia nguvu jimbo litajitenga. Jackson akajibu tarehe 10 Desemba kwamba kujitenga kwa silaha ni uhaini. Akapeleka askari na meli kwenye bandari ya Charleston, na kupanga ushuru utozwe baharini kabla shehena haijagusa gati. Calhoun akajiuzulu umakamu. Ndani ya jimbo watu walivaa vishada vya rangi ya bluu kuonyesha wako upande gani, na majirani waliacha kusalimiana. Mwishoni Clay na Calhoun, mahasimu, walikaa wakaafikiana ushuru upungue kidogo kidogo hadi asilimia 20 ifikapo 1842. Tarehe 2 Machi 1833 Jackson alisaini mapatano hayo pamoja na sheria ya kumruhusu kutumia jeshi, siku moja, meza moja. South Carolina ikafuta tangazo lake, na kwa kujikosha ikaibatilisha ile sheria ya jeshi, ambayo haikuwa tena na kazi yoyote ya kufanya. Miezi miwili baadaye Jackson aliandika kwamba ushuru ulikuwa kisingizio tu, na kisingizio kijacho kitakuwa suala la mtu mweusi, au utumwa.

Sasa tuliangalie lile dai la pili, la ushuru na vita. Mapatano yale yalivunjwa kwa ushuru mkubwa wa 1842, kisha mwaka 1846 ushuru ukashushwa, na mwaka 1857 ukashushwa tena hadi kiwango cha chini kuliko wakati wowote tangu 1816. Alexander Stephens wa Georgia, aliyekuja kuwa makamu wa rais wa waasi, aliwakumbusha wabunge wa jimbo lake Novemba 1860 kwamba ushuru uliokuwapo ulipigiwa kura na Massachusetts na South Carolina pamoja. Ushuru wa Morrill, uliopandisha viwango upya na ambao watetezi wa dai hili huutaja kama ushahidi, ulipita Seneti Februari 1861, wakati majimbo saba yalikuwa yamekwisha kuondoka pamoja na maseneta ambao wangeweza kuuzuia. Na tamko la South Carolina la Desemba 1860, linaloeleza sababu za kujitenga, linazungumzia watumwa waliotoroka, majimbo yanayokataa kuwarudisha, na rais mteule anayeuchukia utumwa. Ushuru haumo. Mwaka 1832 walitaja ushuru, wakaficha utumwa. Mwaka 1860 hawakuhitaji kuficha.

Ndiyo maana anayewasoma wakulima wa soya wa Iowa na Illinois leo kwa kuangalia Washington na Beijing peke yake anakosa nusu ya picha. China ilipolipiza kisasi mwaka 2018, hawakuumia wenye viwanda vya chuma vya Pennsylvania waliolindwa. Walioumia ni wale wanaouza nje, kama McDuffie alivyosema. Tofauti ni kwamba safari hii serikali iliwalipa wakulima hao zaidi ya dola bilioni 20 kuwatuliza. Mwenye pamba wa 1828 hakuona senti. Fidia ile ni kukiri, kwa hundi, kwamba ushuru una mkoa wake wa kutozwa. Rwanda nayo ilipopandisha ushuru wa mitumba mwaka 2016 kutoka senti 20 hadi dola mbili na nusu kwa kilo, Marekani ikajibu mwaka 2018 kwa kuziondolea nguo za Rwanda nafuu ya soko lake. Magazeti yaliandika habari ya taifa dogo na taifa kubwa, lakini ndani ya Kigali kulikuwa na swali jingine, la mama muuza mitumba na mwenye kiwanda cha nguo, na hao wawili hawakuwa na mfuko mmoja.

Jumuiya ya Afrika Mashariki tangu Julai 2022 ina kiwango cha juu cha pamoja cha asilimia 35 kwa bidhaa ambazo zinachukuliwa kuwa tunaweza kuzitengeneza wenyewe. Kila mwaka, bajeti zinapokaribia, mawaziri wa fedha hupeleka orodha zao: sisi mchele huu tuuache nje ya kiwango, sisi chuma hiki tukitoze zaidi, wao sukari ile kwa mwaka mmoja tu. Orodha hizo huchapishwa kwenye gazeti rasmi la Jumuiya, zikiwa na majina ya nchi na viwango vyao, na ukizisoma mstari kwa mstari unaona wazi kiwanda cha nani kimelindwa na mlaji wa wapi analipa. South Carolina ya Calhoun ilitishia kujitenga na nchi ili ipate haki ya namna hiyo. Sisi tumeiwekea fomu.